Tamko la Wa, Ya, La, Cha, Vya na Za

Ninayo heshima kuwatangazia wananchi wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba ule ubishi wa kama rap ya zamani ilikuwa bora kuliko rap ya siku hizi umefungwa rasmi. Umefungwa kwa muhuri. Mtu akikuanzishia ubishi huo kwa kinyozi, kwenye kibanda cha chai au hata msibani, una haki ya kumwambia kwamba serikali ilishamaliza, anywe chai yake anyamaze.

Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati iliyoufunga. Najua yapo maneno ya mtaani kwamba Kamati ilichemsha. Wanaoyasema hawakuwepo kikaoni, na wengine wao hata kofia hawavui wakiingia ofisini kwa watu. Nitaeleza mambo yalivyokwenda, tena kwa utaratibu, maana mimi bila utaratibu hata usingizi sipati.

Yote yalianzia kwa kinyozi jirani na Wizara. Alikuwa akimnyoa Mkurugenzi wetu wa Mipango, na mteja mwingine aliyekuwa akisubiri zamu akasema wasanii wa siku hizi hawana mistari, wanataja viatu tu. Kinyozi akaweka mashine chini ili ajibu vizuri. Alijibu mpaka muda wa chakula ukapita. Mkurugenzi akarudi kazini amenyolewa upande mmoja, akaongoza kikao cha wafadhili huku ameelekeza uso dirishani. Waziri alipopata habari akasema hii sasa ni hujuma kwa uchumi. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuamua Ubora wa Rap kwa Kuzingatia Wakati.

Kwa kazi hiyo hakukuwa na mtu anayefaa kuliko Waziri mwenyewe. Ujanani alikuwa anarap, akijiita Radi. Ofisini kwake, pembeni ya picha ya Mkuu wa Nchi na kubwa kuliko hiyo, ilining'inia picha ya kijana mwembamba ndani ya suruali ambayo ingemtosha yeye pamoja na dereva wake. Alikuwa na wimbo mmoja. Sisi watumishi tuliujua kwa moyo, kwa sababu ndio uliokuwa mlio wa simu yake, na simu ikiita hakuna aliyethubutu kumkumbusha apokee kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kwa hiyo matokeo ya uchunguzi yalijulikana mapema. Kilichobaki kilikuwa uchunguzi.

Adhabu nayo ilikuwa wazi. Upande utakaoshinda utapigwa redioni na kwenye kumbi zote. Upande utakaoshindwa utanyang'anywa vibali mpaka hapo utakapokuwa bora.

Hapa lazima nitaje jambo langu binafsi, na nitalitaja haraka. Nina binti, na binti yangu anarap.

Mke wangu ni fundi wa nguo, na chumba chetu cha mbele ndicho duka lake. Binti yetu alikulia chini ya meza ya cherehani, na mistari yake inatoka hivyohivyo, taka-taka-taka bila kuvuta pumzi, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Cherehani. Alikuwa amekodi Ukumbi wa Jiji kwa onyesho lake la kwanza, Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi. Pesa ya ukumbi aliipata kwa kupinda sketi za sare za shule mpaka vidole vikaota sugu. Kibali chake nilikisaini mimi, kabla Kamati haijaundwa, na sikuona sababu ya kuwaeleza watu ofisini kwamba mwombaji ananiita baba.

"Baba," aliniuliza jioni moja, sketi mapajani, "hiyo kamati yenu itasemaje?"

"Kamati bado haijakaa."

"Najua haijakaa. Nauliza itasemaje."

Mke wangu alikuwa na pini mdomoni. Akacheka kwa pua.

"Itategemea ushahidi," nikasema.

"Ushahidi gani?"

"Wimbo wa Waziri."

Alipinda sketi nzima kabla hajasema tena. "Sasa mimi nifanyeje, baba? Siwezi kurudi nikazaliwe mapema."

Nikauliza kama kuna chai.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, ili kubana matumizi. Alikuwepo Mtaalamu wa Lugha, bwana mmoja anayebeba kamusi yake kifuani kama mtoto mwenye homa. Alikuwepo Mwakilishi wa Wazazi, mama mwenye duka la vipodozi, aliyeteuliwa kwa sababu aliwahi kupiga simu redioni kulalamika. Na mimi nilikuwepo kwa ajili ya utaratibu.

Nyimbo zenyewe hatukuzipiga. Kanuni za vikao haziruhusu makelele, na kila ushahidi lazima uwasilishwe kwa maandishi. Mpiga chapa wetu alizisikiliza peke yake, akaziandika kwa mtindo wa muhtasari wa kikao, nami nikazisoma kwa sauti. Nilianza na ya zamani.

"'Msanii alifungua kwa kuwajulisha wajumbe kwamba yeye ndiye mkali. Aliuliza kama yupo mwingine. Ilionekana kwamba hayupo. Aliagiza mikono yote iwe juu. Mikono ikawa juu. Msanii alifafanua kwamba maadui zake, ambao hakuwataja, wana wivu, na kwamba suala lao linashughulikiwa.'"

Waziri alikuwa amefumba macho. "Ujumbe," akasema kwa sauti ya chini. "Mnausikia ujumbe?"

Nikasoma ya siku hizi.

"'Msanii alifungua kwa kuwajulisha wajumbe kwamba yeye ndiye mkali. Aliuliza kama yupo mwingine. Ilionekana kwamba hayupo. Aliwasilisha taarifa fupi kuhusu viatu vyake. Aliagiza mikono yote iwe juu. Mikono ikawa juu. Kuhusu maadui, alisema wana wivu, na suala lao linashughulikiwa.'"

"Takataka," Waziri akasema. "Hakuna ujumbe hapo. Watoto hawa wamepotea kabisa."

"Mheshimiwa, mbona ni yaleyale?" akauliza Mwakilishi wa Wazazi.

"Si yaleyale, mama. Huyu wa pili ameingiza viatu."

"Na wewe kwenye wimbo wako si kuna kofia?"

Mtaalamu wa Lugha akafungua kamusi ili apate pa kutazama.

"Kofia ilikuwa na maana yake," Waziri akasema.

Yule mama hakuwa mtu wa kutishika. Alisogeza kikombe pembeni. "Mimi nawaambia ukweli wangu. Za zamani nazipenda mpaka kesho. Ukipigwa mmoja naweza nikamwacha mteja na mafuta usoni. Lakini wakati ule nilikuwa na magoti mazima, na kulikuwa na mtu ananisubiri nje ya geti. Sasa sijui ninachokipenda ni wimbo au ni yale magoti. Halafu jamani, zile mbovu za zamani si tulishazisahau? Hizi mbovu za leo ndiyo kwanza tunazisikia. Hayo ni mashindano gani?"

Niliandika: "Mjumbe alizungumzia magoti." Tukasonga mbele.

Kazi ngumu ilikuwa maneno ya tamko. Rasimu yangu ilisema: Rap ya zamani ni bora kuliko rap ya sasa. Nilidhani imekaa vizuri. Waziri akaipiga mstari. Alisema neno rap ni la vijiweni, haliwezi kukaa juu ya muhuri wa serikali, mabalozi watalisoma.

"Lipo neno letu safi, mheshimiwa," akasema Mtaalamu wa Lugha. "Tangu zamani unaitwa muziki wa kufokafoka."

"Nani anafoka?"

"Muziki, mheshimiwa."

"Unataka kusema mimi nilikuwa nafoka?"

"Kwa maana ya kisanaa tu, mheshimiwa."

"Mimi sijawahi kufoka maishani mwangu," Waziri akafoka, mpaka mhudumu akaja mbio na chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

Neno likaondolewa, na badala yake hatukuweka kitu. Tamko likabaki hivi: Ya zamani ni bora kuliko ya sasa. Nilikuwa tayari nimeshashika muhuri, Mtaalamu wa Lugha akanyoosha tena mkono. Watu wa namna hii huwa hawajui kushiba.

"Mheshimiwa, bila nomino hiyo 'ya' inaning'inia," akasema. "Rap ni 'ya', nakubali. Lakini muziki ni 'wa'. Shairi ni 'la'. Kina ni 'cha', vina ni 'vya', nyimbo ni 'za'. Kesho kijana mjanja atasimama mahakamani aseme yeye hakuimba 'ya', aliimba 'la'. Tutamfanya nini?"

Waziri alipauka. Ungedhani kijana mwenyewe ameshaingia mlangoni. "Ziba," akasema. "Ziba mianya yote."

Tukaziba. Mpaka leo najivunia kazi ile, maana haikuacha hata tundu la sindano:

"Wa zamani ni bora kuliko wa sasa. Ya zamani ni bora kuliko ya sasa. La zamani kuliko la sasa, cha zamani kuliko cha sasa. Vya zamani kuliko vya sasa, za zamani kuliko za sasa. Kwa amri."

Ni kweli, katika lugha yetu 'wa' hubeba pia wanadamu. Lakini siku ile hakukuwa na mwanadamu yeyote kwenye ajenda.

Waziri alilipenda tamko kama mtu aliyejifungua. Akaagiza lisomwe kwa sauti, neno kwa neno, mwanzoni mwa kila mkusanyiko wa hadhara. Akaagiza pia sherehe ya uzinduzi, itakayorushwa moja kwa moja redioni, ambapo Radi atapanda tena jukwaani na wimbo wake. Ukumbi uliotakiwa ulikuwa Ukumbi wa Jiji. Siku iliyotakiwa ilikuwa ile Jumamosi.

Barua ya kufuta kibali cha Cherehani niliisaini mwenyewe na kuipeleka mwenyewe, ili kuokoa stempu.

Aliisoma amesimama. Angelia ningejua la kufanya, ningemwambia asilie. Hakulia. Aliikunja vizuri akaiweka mezani, juu ya rundo la sketi. Niliumia. Nalisema waziwazi kwa sababu hakuna kanuni inayokataza.

"Umemletea mwanao barua yenye nambari ya kumbukumbu," mke wangu akasema.

"Kila barua ina nambari ya kumbukumbu."

"Na pole? Pole yenyewe ina nambari gani?"

Katika nyumba hii nina mwanamke ambaye angefika mbali sana katika utumishi, bahati nzuri hakuajiriwa.

Binti alikuwa ameshachukua kiambatisho, yaani tamko lenyewe. Akalisoma kimya. Akalisoma tena midomo ikitikisika. Kisha akakaa kwenye cherehani ya mama yake, mguu ukaanza kukanyaga pedali bila kitambaa chochote chini ya sindano. Wa zamani, wa sasa, taka-taka. Ya zamani, ya sasa, taka-taka. La, cha, vya, za.

"Baba, nani aliandika hii?"

"Kamati."

"Ina mwendo hii." Akaongeza kasi. "Nani atalisoma Jumamosi?"

"Msomaji huteuliwa na Katibu."

Walinitazama wote wawili. Cherehani ikasimama.

"Lazima lisomwe neno kwa neno," nikasema. "Huruhusiwi kuongeza hata nukta."

"Neno kwa neno," binti akasema.

"Na kasi je?" akauliza mke wangu. "Kanuni inasema chochote kuhusu kasi?"

Nilipekua kanuni. Kuhusu kasi haikusema kitu. Nikamteua. Nilimteua kwa sababu za kiutawala: anajua kusoma, ana sauti, na anaishi karibu na Katibu.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Viti vya mbele walikaa wakubwa na wake zao. Nyuma walikaa vijana waliokwisha kununua tiketi za Cherehani, ambao Wizara ilikuwa bado inaunda utaratibu wa kuwarudishia hela zao. Waziri alivaa ile suruali ya kwenye picha. Safari hii ilimbana.

Binti yangu akapanda na suti ya kijivu aliyoshonewa na mama yake, kama karani wa benki. Akalisoma tamko taratibu, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Wakubwa wakapiga makofi. Kisha akalisoma tena, kwa sababu kanuni haisemi lisomwe mara ngapi, na safari hii kisigino chake kilikuwa kinapiga mbao za jukwaa. Fundi mitambo akasikia kisigino, akakifungulia mdundo. Mara ya tatu ilikuwa taka-taka-taka, wa ya la cha vya za, neno kwa neno, hakuongeza hata nukta. Nyuma wakasimama wote. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na sikuweza kusimama, lakini mguu wangu mmoja ulikiuka maadili ya kazi. Nilijisikia fahari.

Aliponyamaza avute pumzi, mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Nauli!"

"Ya zamani!" ukumbi ukaitikia.

"Bei ya sukari!"

"Ya zamani!"

"Shamba letu!"

"La zamani!"

"Mume wangu!"

"Wa zamani!" wakajibu wanawake wote, na mume mwenyewe, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwake, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Waziri hakuweza kuvumilia. Mtu aliyewahi kushika kipaza sauti, hata kwa wimbo mmoja, hawezi kuona ukumbi umechemka halafu akakaa kitako. Akaruka jukwaani, akamnyang'anya binti yangu kipaza sauti. Ubeti wa kwanza ukamtoka kichwani palepale, joto lile si la mchezo. Akafanya anachofanya kila msanii aliyesahau mistari, akajitaja.

"Waziri!"

"Wa zamani!" ukumbi ukajibu.

Alitabasamu. Nadhani alisikia mapenzi tu. "Sijawasikia! Mimi ni Waziri..."

"Wa zamani!"

"Tena, Mkuu wa Nchi asikie huko aliko! Mimi ni nani?"

"Waziri wa zamani!"

Akalichukua mwenyewe. Waziri wa zamani, mimi, Waziri wa zamani, huku akiruka na jasho linamwagika. Nilisimama nikampungia mikono yote miwili anyamaze. Akaniona. Akauagiza ukumbi mzima mikono iwe juu, na mikono ikawa juu.

Jumatatu asubuhi redio ilisoma taarifa kutoka Ofisi Kuu. Ilisema kwamba Mkuu wa Nchi amepokea kwa masikitiko uamuzi wa Waziri, alioutangaza mwenyewe mbele ya umma, kwa hiari, mara nyingi na kwa mdundo, wa kuwa waziri wa zamani. Amemkubalia. Anamtakia mapumziko mema. Nasikia Waziri alikuwa anapiga mswaki, na alijua amemwaga unga kabla hajasukutua.

Alikuja Wizarani hivyohivyo. Mlinzi akamsimamisha getini kwa heshima zote. Waziri akatoa tamko mfukoni, akasema lisomwe. Wa zamani ni bora kuliko wa sasa, si ndivyo linavyosema? Mtaalamu wa Lugha akaitwa, akafungua kamusi juu ya boneti ya gari, akathibitisha kwamba ndivyo. Kisheria, nchi nzima hapakuwa na waziri bora kuliko huyu aliyesimama nje ya geti.

"Basi nipisheni niingie."

"Ubora ni wako, mzee," mlinzi akasema. "Ofisi ndiyo ya wa sasa."

Waziri mpya alikuwa bado anatafuta swichi ya taa, kwa hiyo mafaili yaliendelea kupita mezani kwangu. Nikapitia upya shauri la Ukumbi wa Jiji, bila upendeleo. Kibali cha Cherehani kilitolewa kabla ya Kamati. Ni cha zamani. Kibali cha sherehe, kilichompokonya ukumbi, kilitolewa baada yake. Ni cha sasa. Sheria ni sheria. Nikampa Jumamosi iliyofuata, na barua safari hii niliiandikia pole chini ya nambari ya kumbukumbu.

Siku ya onyesho mke wangu alikaa mlangoni kuuza tiketi. Foleni ilifika barabarani. Mimi nilisimama pembeni yake kusimamia utaratibu, na nilimwona yule mtu akija kwa miguu, koti mkononi. Hakupanga foleni. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani.

"Habari, mama."

"Nzuri, baba. Tiketi?"

"Nadhani hujanijua."

Mke wangu alimtazama koti kwanza, kama mafundi wanavyotazama watu. Kifungo kimoja kilikuwa kimekatika. "Sijakujua, baba. Wewe nani?"

"Mimi ni Waziri."

"Wa zamani," foleni nzima ikaitikia nyuma yake.

Hawakumkejeli. Walishazoea kuitikia hivyo tu, na wengine hata hawakuinua macho kutoka kwenye simu zao. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa hela, akarudi mwisho wa foleni. Zamu yake ilipofika mke wangu alimpa tiketi na chenji, akamwelekeza viti vya nyuma, akamwambia akiagizwa aweke mikono juu, aweke.